Kaya Nambari Thelathini na Moja

Nilikuwa nimekatazwa kutafsiri kwa ndugu zangu. Mtafiti alilisema hilo siku ya kwanza ya kazi, akalirudia siku ya pili, na mimi mwenyewe nikatia saini karatasi iliyoandikwa hivyo. Kwa hiyo asubuhi ile, nilipoona kwenye orodha "kaya nambari 31, ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho kushoto", nilipaswa kufungua mdomo. Sikufungua. Nilijiambia kwamba wifi si ndugu wa damu. Nilijiambia pia kwamba mkalimani mwenzangu amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa jicho, na kazi haiwezi kusimama kwa ajili ya jicho la mtu. Ukweli ulikuwa mwingine, na hadi leo naona haya kuusema: nilitaka kusikia nikitajwa.

Utafiti wenyewe ulikuwa unauliza jambo moja kwa kulizungusha sana. Familia ya wakimbizi ikifika mahali pageni, ni watu gani wanaoisaidia kusimama? Ndugu? Majirani? Watu wa ofisini? Mtafiti alikuwa msichana wa watu, mpole, mwenye miwani iliyomteleza puani kila alipoandika. Alibuni mchezo wa kupata majibu. Alitandaza mezani karatasi kubwa yenye duara tatu, moja ndani ya nyingine, halafu akamwaga vifungo vya nguo. Vya bluu ni ndugu, vya njano majirani, vyekundu maofisa. "Wewe upo katikati," alikuwa akisema. "Nionyeshe walio karibu yako." Watu wazima walicheka mwanzoni, kisha wakaanza kupanga. Nilimwona mzee mmoja akikishika kifungo cha bluu dakika nzima, hajui akiweke wapi, kwa sababu kilikuwa cha mwanawe ambaye hajui kama yuko hai. Jengo zima likampa mtafiti jina: Binti Vifungo.

Jengo lilikuwa kiwanda cha nyuzi zamani. Kumbi za mashine zilikatwakatwa kwa plaiwudi zikawa vyumba, familia arobaini na tatu, jiko moja kila ghorofa, na kuta nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya upande huu unapewa pole kutoka upande wa pili. Wote mle walikuwa wakingoja kitu kimoja: kupanda kwenye orodha ya nyumba mpaka wafike juu, wapewe mlango wao na jiko lao.

Mimi siishi mle. Nina miaka tisa hapa, nilipata vyumba viwili kabla orodha haijawa ndefu, na alfajiri nasafisha shule. Lakini pale kiwandani kila mtu, hata aliyenizidi umri, ananiita Shangazi. Jina lilianza kwa watoto wa kaka yangu, likaambukiza ghorofa zote. Kwa hiyo tulipopiga hodi, watu hawakumtazama Binti Vifungo. Walinitazama mimi. Nami nikawasomea ahadi niliyoitafsiri kwa mkono wangu: "Majibu yenu hayana majina. Hayaendi kwenye ofisi yoyote. Hayatagusa msaada wenu wala nafasi yenu kwenye orodha ya nyumba."

"Shangazi, ni kweli?" waliniuliza.

"Ningekuwa nawadanganya ningejileta mwenyewe mpaka mlangoni kwenu?"

Basi wakajibu. Milango arobaini na miwili ilijibu kwa sababu yangu.

Wifi alitufungulia akiwa amekunja mikono ya blauzi, uso umetulia. Alimpa mkono Binti Vifungo, kisha akanipa na mimi, vilevile, kama mtu anayempa mkono msoma mita.

"Karibuni," akasema. "Karibu, mkalimani."

Mkalimani! Nikameza mate, nikakaa.

Huyu mwanamke alifika kwangu miaka sita iliyopita na watoto watatu, mdogo kabisa akiwa mgongoni anachemka kwa homa, na mfuko mmoja wa plastiki. Kaka yangu hakuwa nao. Walipotezana mpakani, na habari zake hatujazipata mpaka leo. Nikawapokea. Miaka minne tulilala watu watano katika vyumba viwili. Mimi ndiye niliyempeleka yule mdogo hospitali, nikasimama nimeinua chupa ya dripu kwa sababu pa kuitundika hapakuwepo. Mimi ndiye niliyepanga foleni ya shule. Mimi ndiye niliyemfundisha wifi kusema "naomba" na "risiti yangu iko wapi" na "usinipandishie sauti" kwa lugha ya hapa. Hata kazi yake ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, mimi ndiye niliyemwombea. Miaka miwili iliyopita alihamia kiwandani, kwa sababu ofisi ya nyumba haimwandiki mtu anayekaa kwa ndugu. Na hata bila sababu hiyo, tulikuwa tumeshafika mahali pa kugombania kijiko.

Kinasa sauti kikawashwa. Binti Vifungo akauliza, nami nikatafsiri: "Mwaka wako wa kwanza hapa, nani alikusaidia?"

Wifi hakugusa vifungo. "Hakuna."

Kazi ya mkalimani ni kulitoa neno kama lilivyoingia. Nikalitoa. Hakuna.

"Hata jirani?"

"Hata jirani."

"Hata ndugu?"

Hapo wifi aliinua macho, akanitazama usoni, hakupepesa. "Hata ndugu."

Nikatafsiri. Sauti ilinitoka kavu kama chaki.

"Mtoto alipougua, nani alimpeleka hospitali?"

"Mimi mwenyewe."

"Shule ya watoto?"

"Niliitafuta mwenyewe."

"Na lugha, ulijifunzaje?"

"Kwenye televisheni."

Televisheni! Katika miaka minne ile ndani ya nyumba yangu hamkuwahi kuwa na televisheni, hata mbovu. Nikasema kwa lugha ya hapa: kwenye televisheni. Wakati huohuo mlango ukasukumwa, akaingia kitinda mimba na begi la shule, akaruka moja kwa moja mapajani kwangu. "Shangazi!" Nikajua nimeumbuka. Lakini Binti Vifungo alitabasamu tu. Kwani nani mle ndani hakuniita Shangazi? Akaandika, miwani ikamteleza, akaninong'oneza: "Maskini, huyu mama hana mtu kabisa."

"Ndiyo," nikamwambia.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi, nikasubiri aondoke, nikarudi nikazipanda zile ngazi mbili mbili kama msichana. Wifi alikuwa kwenye jiko la pamoja anasugua sufuria.

"Televisheni gani?" nikamwuliza.

"Wifi, punguza sauti."

"Sipunguzi. Taja rangi yake. Ilikaa wapi, juu ya kichwa changu?"

"Punguza sauti, nakuomba. Kuta hizi zinasikia."

"Zisikie! Miaka minne unakula kwangu, unalala kwangu, leo unanikazia macho unasema hata ndugu. Na mimi ndiye nitafsiri! Umenifanya nijifute kwa mdomo wangu mwenyewe!"

Aliiweka sufuria chini polepole. Wifi si mtu wa kelele. Akikasirika sauti yake hushuka, ikakulazimu umsogelee ndipo usikie unavyotukanwa.

"Fundi viatu wa chini ameshushwa kwenye orodha," akasema.

"Hilo linanihusu nini?"

"Yeye na mkewe walivipanga vifungo vyote. Binamu, majirani, mpaka yule dereva aliyewabebea godoro. Walifurahi kuona wana watu wengi hivyo, wakapiga na picha. Wiki tatu baadaye ikaja barua. Mama Mapacha wa ghorofa ya pili naye kaletewa yake. Nyie mnapita na karatasi, nyuma yenu zinapita barua. Jengo zima linajua isipokuwa wewe."

"Uongo. Niliwaahidi mwenyewe."

"Ndiyo maana walijibu."

Mkono uliniwasha. Nilikuwa sijawahi kumpiga mtu mzima, na siku ile nilikaribia.

"Ungeniambia basi! Ungeniita pembeni!"

"Nikuite pembeni lini? Umeshawahi kuja kwangu bila kunihesabia wema wako? Kila mgeni akija nyumbani kwako unamwambia, hawa niliwapokea na mfuko mmoja wa plastiki. Mbele ya watoto wangu. Mfuko ule nimeuchukia kuliko mpaka wenyewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka karibu kuzimika. "Na kila uliponitazama, wifi, ulikuwa unamtafuta kaka yako nyuma ya mgongo wangu. Ukiona ni mimi tu nimesimama pale, uso unakubadilika. Miaka minne. Unadhani sikuona?"

Aliyefika hakuwa niliyemtaka. Ilikuwa kweli, na sijawahi kukasirishwa na jambo lolote kama kuambiwa kweli ile, karibu na sinki, na mtu mwenye povu mikononi.

Nikashuka chini.

Fundi viatu alikuwa na nafasi yake chini ya ngazi, kigoda, nyundo, kopo la gundi na milima ya viatu visivyo na wenzao. Nilimwomba barua. Hakuuliza barua gani. Aliitoa ndani ya kiatu kikubwa cha mguu mmoja, imekunjwa mara nne. Ilikuwa kwa lugha mbili, ya hapa na yetu. *Kutokana na taarifa zilizopo, kaya yako imebainika kuwa na mtandao imara wa mahusiano. Hivyo basi kipaumbele chako kimeshushwa.*

Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. *Mtandao imara wa mahusiano.* Maneno yale yalikuwa yangu. Nilipotafsiri dodoso la Binti Vifungo nilikaa siku mbili nikiyatafuta, nikayafuta, nikayaandika upya, kwa sababu sikutaka watu wetu waulizwe kwa maneno ya kuchukiza. Mtu ofisini aliyachukua kama yalivyo akayabandika kwenye barua.

"Shangazi," akasema fundi viatu, msumari uko pembeni mwa mdomo, "hilo neno imara. Si neno zuri?"

"Ni zuri."

"Sasa mbona tumeadhibiwa nalo?"

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Walikuwa nafasi ya tisa kwenye orodha. Sasa walikuwa ya mia moja na kumi na nne.

Binti Vifungo alikuwa amekodi chumba kidogo nyuma ya maktaba. Ukutani kulikuwa na picha za karatasi zake zote, duara na vifungo, duara na vifungo, na chini ya kila moja, kwa mwandiko wake mzuri, nambari ya chumba. Nilimwekea barua mezani. Aliisoma, akavua miwani.

"Lakini mahojiano hayana majina," akasema.

"Yana namba za milango. Mtu anahitaji jina la nini akiwa na mlango?"

Kisha jambo likatoka, kwa vipande. Ofisi iliyogharamia utafiti ilimwomba majedwali ya awali. Walisema ni kwa ajili ya kupanga huduma. Aliwapa, hata jedwali la asubuhi ile. Alidhani wataongeza.

"Wataongeza nini?"

"Huduma. Kwa sababu matokeo ni mazuri! Yanaonyesha kwamba familia zenye majirani na ndugu zinasimama haraka. Hiyo ni habari njema."

"Habari njema kwa nani?"

Machozi yakaanza kumtoka. Nikamnyooshea kidole. "Usinililie. Ukilia itabidi nikubembeleze, na leo sina nafasi hiyo. Vaa miwani yako, twende kwa aliyeyachukua."

Aliyeyachukua kutoka kwao alikuwa mratibu wa ofisi ya nyumba. Pale kiwandani tulimwita Tai, kwa sababu hakuwahi kuivua hata siku ya jua kali, na kwa sababu nyingine pia. Alitupokea baada ya wiki mbili, akatuvutia viti, akaagiza maji. Angekuwa mkorofi ingenisaidia. Alikuwa mwungwana.

"Mama yangu, nyumba ni kumi na mbili," akaniambia. "Wanaongoja ni mia mbili. Ungekuwa mimi ungempa nani? Mwenye binamu na majirani, au asiye na mtu?"

Swali lilikaa vizuri mno. Ndilo lililonipandisha hasira zaidi, kwamba lilikuwa na akili.

"Kwa hiyo mtu akimpelekea jirani yake maji ya moto, amemnyang'anya nyumba?"

"Hujanielewa."

"Nimekuelewa vizuri. Mimi ndiye niliyekutafsiria. Niliwaambia watu majibu hayaendi kwenye ofisi yoyote. Hii ni nini, banda la kuku?"

Binti Vifungo alishusha macho. Tai akacheka kidogo, kama mtu anayemcheka bibi yake, akavuta jalada.

"Nikupe mfano, labda utatulia. Chukua kaya nambari 31. Mjane, watoto watatu, hana ndugu, hana jirani. Alikuwa nafasi ya hamsini na kitu. Baada ya utafiti wenu nimempandisha mpaka ya nne. Je, huoni kwamba kazi yako imemsaidia anayestahili?"

Mjane. Sikusikia kilichofuata. Kaka yangu, ambaye mimi kila nikipita kwenye umati bado natazama migongo ya wanaume, alikuwa amezikwa ndani ya jalada la karatasi la rangi ya pinki, bila mimi kuitwa mazishini.

"Wewe ulikuwepo siku ya mahojiano," Tai alikuwa akisema. "Niambie mwenyewe. Huyu mama, ni kweli hana mtu?"

Wote wawili wakanitazama. Neno lilikuwa ulimini. Huyo ni wifi yangu, nimemlisha miaka minne, nimemfundisha kuomba risiti, na mumewe si maiti. Sentensi moja tu, na wifi angerudi chini ya orodha pamoja na fundi viatu, na mimi ningekuwa nimetajwa hatimaye, na mhuri juu. Sitajifanya mwema. Nililitamani neno lile kama mwenye kiu.

"Hana mtu," nikasema. "Nilimwangalia vizuri. Duniani hana mtu."

Si kwamba nilimsamehe. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutaka ofisi ile iibiwe walau nyumba moja.

Lakini nilitoka pale na kitu kingine kichwani. Ile fomu ya ridhaa, niliyokuwa nimewasomea watu kwenye kila mlango, ilikuwa na mstari wa mwisho ambao hakuna aliyewahi kuusikiliza: mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na majibu yake yatafutwa. Nilikuwa nimeutafsiri nao. Nikaandika karatasi ya sentensi moja, nikaitoa nakala arobaini na tatu, nikaanza kupanda ngazi.

Siku tatu mfululizo, mchana, nilipiga hodi. Safari hii sikukaribishwa maji. "Niliwaambia hayaendi popote," nilikuwa nasema. "Yamekwenda. Nilikosea kuwaahidi nisichokijua. Tieni saini hapa, mjitoe." Mzee wa kifungo cha bluu alitia saini bila neno, akanishika bega, nikatamani angenitukana. Mama Mapacha alinitukana.

"Juzi ulisema jibuni, leo unasema futeni. Kesho utasema nini, turudi tulikotoka?"

"Tia saini, dada."

"Natia. Halafu mlango wangu usiujue tena." Akatia, akanifungia usoni. Plaiwudi ilitetemeka mpaka mwisho wa ukumbi.

Walitia saini arobaini na wawili. Wa arobaini na tatu alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani.

"Mimi sijitoi," akasema wifi.

"Wenzako wote wamejitoa."

"Wenzangu walikuwa wamepoteza. Mimi nimepata. Nafasi ya nne, wifi. Unataka nikaifute?"

"Umeambiwa na nani kwamba ni ya nne?"

"Kuta."

Niliichana palepale nakala iliyobaki, ya kwake, vipande vikaanguka juu ya viatu vyake vya kazini. Tuliachana hivyo, bila kuagana.

Binti Vifungo, nimpe haki yake, alizipokea zile karatasi arobaini na mbili, akazikumbatia kama mtoto aliyekufa, na akafanya kama ilivyoandikwa. Alifuta sauti zao zote. Alibandua picha ukutani. Aliandikia chuo chake na ofisi ya Tai kwamba majedwali ya kaya hizo hayana nguvu tena na hayaruhusiwi kutumika. Miaka miwili ya kazi yake ilitoweka. Mimi nilifukuzwa na ile ofisi iliyogharamia utafiti, kwa barua fupi, "kwa kuwachochea washiriki". Barua zile nyingine zilikoma. Hakuna familia mpya iliyoshushwa.

Na waliokwisha kushushwa? Walirudishwa. Tai alilitangaza hilo kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwa lugha nzuri. Ila waliandikwa upya kwa tarehe ya siku ile, kama watu waliofika jana. Fundi viatu, miaka mitatu ya kungoja, nafasi ya mia moja na tisini na nane. Mkewe alijifungulia kiwandani, mtoto wa kike, akawa anamwogesha kwenye jiko la pamoja, katikati ya masufuria ya watu.

Wifi alipata nyumba baada ya miezi mitatu. Hakuniambia. Niliambiwa na kitinda mimba, aliyenikuta nadeki ukumbi wa shule yao, akanihesabia: mlango mmoja, madirisha manne, bafu lina bomba la maji ya moto. Jumamosi yake nilipanda basi, nikatafuta mtaa, nikabisha. Nilikwenda na swali moja, na nilikuwa nimelinoa njia nzima.

Alipofungua nilimwuliza hata kabla ya salamu. "Nani alikuambia kwamba wewe ni mjane?"

Hakushtuka. Alirudi nyuma, akaniachia mlango wazi. "Fomu," akasema. "Ilikuwa na visanduku viwili. Mume yupo. Mume amefariki. Nilimwuliza yule kijana wa ofisini, wa sijui kiko wapi? Akasema chagua, mama, kuna foleni." "Nilichagua. Nilitoka pale nikatapika barabarani. Unataka nini tena, wifi? Unataka niseme? Haya. Ulimwinulia mtoto wangu dripu mpaka mkono ukafa ganzi. Ulisimama kwenye foleni ya shule siku mbili na mvua. Uliniombea kazi. Ulinifundisha usinipandishie sauti, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia hivyo alikuwa wewe. Chumba ulitupa kile chenye dirisha, ukalala kwenye kiza. Najua! Yote nayajua, hakuna hata moja nililosahau. Umeridhika?"

"Bado," nikasema. Na nilikuwa bado. Hasira ilikuwa haijashuka hata kidogo.

Kutoka bafuni mtu akaita aletewe taulo. Sauti niliijua. Nikasukuma mlango. Mke wa fundi viatu alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, mtoto wake yumo kwenye beseni la maji ya moto, amelegea kwa raha, na nguo za familia yao nzima zimeloweshwa kwenye ndoo mbili.

"Huwa nakuja Jumatatu, Jumatano na Jumamosi," akaniambia, kama aliyekamatwa. "Mtu akiuliza, hatujuani."

Nikamtazama wifi. Wifi akatazama ukuta.

"Nimempa ufunguo," akasema. "Haya, kaniandike ofisini."

Hatukukumbatiana, asikudanganye mtu. Nilikaa, nikanywa chai yake, nikamwambia sukari imezidi, akaniambia nimpishe apige deki. Kabla sijaondoka tulikuwa tumegombana tena, mara hii juu ya mwanawe mkubwa na nywele zake.

Jumatatu nilikwenda na fundi viatu ofisini kwa Tai kudai ile nafasi ya tisa. Ilikuwa mara yetu ya tano. Wifi naye alikuja, ameomba ruhusa kazini, lakini hakuingia. Alisimama upande wa pili wa barabara, kwenye jua, na mtoto wa fundi viatu begani, kwa kuwa hatujuani. Tulikaa ndani saa mbili na nusu. Tulipotoka alikuwa bado pale, akaniuliza kwa kidevu tu, vipi? Nikatikisa kichwa. Akalitukana lile jengo kwa lugha ya hapa, kwa ufasaha kamili, herufi kwa herufi, kama nilivyomfundisha.